Nauli si Fidia: Lugha ya Dai la Abiria Safari ya Ndege Inapofutwa

Ikisiri

Makala hii inachunguza lugha ambayo abiria huitumia kudai nauli yake baada ya shirika la ndege kufuta safari. Data kuu ni barua mbili zilizoandikwa Homa Bay na Migori kuhusu tukio moja. Barua ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikakubaliwa. Hoja ya makala ni kwamba barua hizo hazikutofautiana kwa ukweli wa mambo wala kwa ukali, bali kwa uteuzi wa maneno: ya kwanza ilichanganya nauli na fidia, tena iliomba pale ilipostahili kudai. Makala inafafanua istilahi zinazohusika, inaonyesha dhima ya kauli za vitenzi katika kumtaja au kumficha mtenda, inaeleza msingi wa kisheria nchini Kenya, kisha inatoa barua ya mfano na mazoezi yanayoweza kutumiwa darasani.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara, na hasa na jamaa zake, lugha anayoisomea itamfaa nini. Majibu yaliyozoeleka ni ualimu, utangazaji na tafsiri. Makala hii inakusudia kuongeza jibu moja ambalo halitajwi sana: lugha humfaa mtu anapotaka kurudishiwa kilicho chake.

Kaunti za Migori na Homa Bay ziko kusini-magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Zina viwanja vidogo vya ndege, Lichota huko Migori na Kabunde huko Homa Bay, lakini uwanja mkubwa wa ukanda huu ni ule wa kimataifa wa Kisumu. Msafiri wa Migori hupita Awendo, Rongo, Kisii, Oyugis na Ahero kabla ya kuufikia. Yule wa Homa Bay huweza kupitia Kendu Bay na Katito. Kwa hiyo safari ya ndege inapofutwa, abiria wa huku hapotezi tiketi peke yake. Hupoteza pia nauli ya matatu, siku ya kazi, na pengine usiku mmoja wa kulala ugenini.

Kufutwa kwa safari si jambo geni nchini. Mnamo Machi 25, 2020 Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria kutokana na ugonjwa wa Korona. Safari za ndani zilirejea Julai 15 mwaka huo, na za kimataifa Agosti 1. Mnamo Novemba 2022 mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulifuta safari nyingi kwa siku kadhaa, na Septemba 11, 2024 mgomo wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege ulitatiza shughuli katika Uwanja wa Jomo Kenyatta. Katika kila tukio la namna hii abiria hubaki na swali lilelile: fedha zangu zi wapi, nami nizidai kwa maneno gani?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo inayotuhusu sisi wanaisimu.

2.0 Tukio na data

Mama mkubwa wa mwandishi anaishi Homa Bay, ambako huuza omena. Mjukuu wake alikuwa amefanyiwa upasuaji na alitakiwa kurudi kliniki jijini Nairobi. Kwa kuwa mtoto hakuweza kustahimili basi la usiku, jamaa walichanga fedha za ndege. Mwandishi, aliyekuwa Migori mjini, alinunua tiketi mbili za Kisumu hadi Nairobi kwa wakala, akalipa shilingi 13,600 kwa M-Pesa.

Usiku wa kuamkia safari ulikuja ujumbe mfupi wa simu kwa Kiingereza. Ulisema kwamba safari “imeathiriwa na sababu za kiutendaji” na kwamba abiria wawasiliane na ofisi. Ujumbe huo ulifika kwenye simu ya mwandishi akiwa amelala. Mama mkubwa alikwisha kuondoka Homa Bay alfajiri, mtoto mapajani. Alipofika Kisumu ndipo alipoambiwa kwamba hakuna ndege siku hiyo wala kesho yake. Walirudi nyumbani, na siku ya kliniki ikapita.

Barua ya kwanza iliandikwa na jirani yake, mtu mwenye hati nzuri na adabu nyingi. Kiini chake kilikuwa hiki:

“Mheshimiwa Meneja, kwa unyenyekevu mkubwa naomba unisaidie. Safari yetu ilishindikana na mtoto akapata taabu sana. Naomba unifikirie fidia ya hasara niliyopata, kama itawezekana. Mungu akubariki.”

Jibu la shirika lilikuja baada ya siku 9. Lilisema kwamba shirika linasikitika, kwamba safari iliathiriwa na sababu zilizo nje ya uwezo wake, na kwamba kwa hiyo haliwajibiki kulipa fidia. Hata hivyo, kwa nia njema, lilikuwa tayari kumpa vocha ya kusafiria ndani ya miezi 6.

Msomaji atakayelisoma jibu hilo kwa hasira atasema kwamba shirika lilikuwa na hila. Atakayelisoma kwa makini ataona kwamba lilijibu sawasawa na lilivyoulizwa. Mama mkubwa aliomba fidia, naye akanyimwa fidia. Nauli yake, shilingi 13,600, haikutajwa na upande wowote.

3.0 Istilahi za dai

3.1 Rejesho, fidia na vocha

Rejesho la nauli ni kurudishwa kwa fedha alizotoa abiria kwa huduma ambayo hakuipata. Fedha hizo zilikuwa zake na shirika lilizipokea kwa sharti la kumsafirisha. Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi ahadi isipotimizwa, deni hubaki, na dawa ya deni ni kulipa. Katika rejesho hatuulizi nani ana kosa. Mvua, mgomo, hitilafu ya mtambo au amri ya serikali, chochote kilichosababisha, huduma haikutolewa na bei yake imeshikiliwa na asiyeitoa.

Fidia ni malipo ya hasara. Asili yake ya Kiarabu inahusu ukombozi, yaani kitu kinachotolewa badala ya kingine kilichopotea. Nauli ya matatu kutoka Homa Bay, chakula cha njiani na siku ya biashara iliyopotea ni mambo ya fidia. Hapa swali la kosa huingia kwa nguvu: je, shirika lingeweza kuzuia hasara hiyo? Na mdai naye hutakiwa kuithibitisha hasara yake.

Vocha si rejesho wala si fidia. Ni ahadi mpya inayotolewa badala ya ahadi iliyovunjwa. Abiria anaweza kuikubali kama inamfaa, lakini anapaswa kujua kwamba anapoipokea kama suluhisho la mwisho huenda akawa ameuza haki yake ya kupata fedha taslimu. Kwa mtu asafiriye kwa ndege mara moja katika miaka mingi, vocha ya miezi 6 ni karatasi tu.

Inafaa kutaja kwamba tofauti hii si ngeni hata kwa wazungumzaji wa Kijaluo, ambao ni wengi katika kaunti hizi mbili. Kijaluo kina kitenzi *duoko*, kurudisha, na kingine *chulo*, kulipa. Mama mkubwa alipoulizwa kwa lugha yake ya kwanza alichokitaka, alitumia *duoko*: warudishe fedha. Jirani ndiye aliyeandika fidia, kwa kudhani kwamba neno zito lina nguvu zaidi.

3.2 Kuchelewa, kuahirisha, kufuta na kughairi

Vitenzi hivi vinne hutumiwa ovyo katika mazungumzo, ilhali kila kimoja kina matokeo yake. Ndege ikichelewa, safari ipo lakini haikuanza kwa wakati. Ikiahirishwa, shirika limetaja wakati mwingine na abiria hana budi kuamua kama wakati huo unamfaa. Ikifutwa, safari haipo tena.

Kughairi ni tofauti na vyote hivyo. Ni kubadili nia, na mwenye kubadili nia ni yule aliyeinuia safari. Tiketi nyingi za bei nafuu huandikwa kwamba nauli hairejeshwi, na kwa kawaida sharti hilo humlenga abiria aliyeghairi. Abiria ambaye safari yake imefutwa na shirika hakughairi lolote.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwandishi alipokwenda kwa wakala Migori, mhudumu alimwambia kwa upole, “Kaka, tubonyeze hapa kwenye kughairi ili mfumo ufungue vocha yako.” Lau angekubali, kumbukumbu ya mfumo ingeonyesha kwamba abiria ndiye aliyeacha safari kwa hiari yake. Kitenzi kimoja kingemhamisha kutoka upande wa mdai hadi upande wa aliyevunja mkataba. Ni heri abiria asubiri shirika lenyewe litangaze kwamba limefuta, kisha alitunze tangazo hilo.

4.0 Kauli za vitenzi na mtenda aliyefichwa

Kiswahili kina utajiri wa kauli za vitenzi, na barua za madai ni uwanja mzuri wa kuutazama utajiri huo ukifanya kazi. Linganisha sentensi hizi:

(a) Shirika lilifuta safari.
(b) Safari ilifutwa na shirika.
(c) Safari ilifutwa.
(d) Safari ilishindikana.

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutenda na mtenda ametajwa mwanzoni. Katika (b), kauli ya kutendwa, mtenda amesogezwa nyuma lakini angali yupo. Katika (c) mtenda ameachwa, ingawa umbo la kitenzi lingali linatudokeza kwamba yuko aliyefuta. Sentensi (d) imekwenda mbali zaidi. Kauli ya aina hii haina nafasi ya mtenda hata kwa kudokezwa. Hatuwezi kusema “safari ilishindikana na shirika” kwa maana ya kwamba shirika ndilo lililotenda. Jambo limetokea lenyewe, kama mvua.

Ujumbe wa shirika ulitumia “imeathiriwa na sababu za kiutendaji”. Hapa nafasi ya mtenda ipo, lakini imejazwa na dhana isiyoweza kushtakiwa. Hakuna mtu awezaye kupeleka “sababu” mahakamani. La kusikitisha ni kwamba barua ya kwanza ya mama mkubwa ilifuata nyayo hizohizo kwa kusema “safari yetu ilishindikana”. Mdai mwenyewe alimfutia mdaiwa jina lake.

Sasa tutazame kitenzi kilichotumika katika barua ya pili: linirejeshee. Uchanganuzi wake ni huu:

li- : kiambishi cha nafsi, ngeli ya LI-YA (shirika)
-ni- : kiambishi cha mtendewa, nafsi ya kwanza umoja (mdai)
-rejesh- : shina la kitenzi
-e- : kiambishi cha kauli ya kutendea
-e : kiishio cha hali ya dhamira tegemezi

Neno moja limembeba mdaiwa, mdai, tendo linalodaiwa, mnufaika wake na matakwa ya msemaji. Ni muhtasari wa dai zima.

5.0 Kuomba na kudai

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alieleza kwamba kusema ni kutenda, na John Searle akaiendeleza hoja hiyo mwaka 1969. Kwa mtazamo huo, kuomba na kudai ni vitendo uneni viwili tofauti ingawa vyote vinamtaka msikilizaji afanye jambo. Anayeomba anakiri kwamba msikilizaji ana uhuru wa kukataa. Anayedai anaeleza kwamba msikilizaji ana wajibu, na kwamba wajibu huo umetokana na jambo lililokwisha kutendeka kati yao.

Kwa sababu hiyo dai halikamiliki bila kutaja msingi wake. “Nirudishie fedha” peke yake ni amri, na shirika haliamriwi na abiria. “Nilikulipa fedha hizi kwa safari hii, nawe hukunisafirisha, kwa hiyo nirudishie” ni dai. Kiunganishi “kwa hiyo” ndicho kinachobeba mzigo wote.

Baadhi ya wanafunzi huhofia kwamba kudai ni utovu wa adabu. Hofu hii inaeleweka, kwani jamii zetu husifu unyenyekevu, na barua zetu rasmi hujaa “kwa heshima na taadhima”. Lakini adabu ni moja na unyonge ni kitu kingine. Barua inaweza kumwita meneja “Bwana” au “Bibi”, ikaepuka matusi na vitisho, na bado ikasema “ninadai”. Kinyume chake pia ni kweli: barua ya matusi inaweza kukosa dai lolote ndani yake.

6.0 Msingi wa kisheria

Makala hii si ya sheria, lakini dai lisilotaja msingi ni kelele. Kwa hiyo tutataja mambo machache ambayo mwandishi wa barua anapaswa kuyajua.

Kwanza ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike na huduma hizo, ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Haki ya habari inagusa moja kwa moja ujumbe uliofumbwa kwa “sababu za kiutendaji”.

Pili ni Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Sheria hii inaelekeza kwamba utata katika mkataba ulioandaliwa na mtoa huduma, pale unaporuhusu tafsiri zaidi ya moja iliyo ya busara, ufasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji. Mwanafunzi wa semantiki atafurahi kuona kwamba somo lake la utata lina nafasi katika sheria ya nchi. Kama sharti la tiketi linasema nauli hairejeshwi bila kufafanua ni nani aliyeiacha safari, utata huo si mzigo wa abiria.

Tatu ni sheria ya mikataba, ambayo nchini Kenya imejengwa juu ya sheria ya kimila ya Uingereza. Katika kesi maarufu ya Fibrosa, iliyoamuliwa mwaka 1942, kampuni ya Poland ilikuwa imetanguliza pauni 1,000 kwa mitambo iliyoagizwa kwa watengenezaji wa Uingereza. Vita Kuu ya Pili ikazuka na mitambo haikuweza kupelekwa. Majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba pauni hizo zirudishwe, kwa kuwa mlipaji hakupata chochote kati ya alivyovilipia. Hakuna aliyesema kwamba watengenezaji walisababisha vita. Hawakuwa na kosa, lakini kutokuwa na kosa hakukuwapa haki ya kubaki na fedha za mwingine. Mkataba wenyewe unaweza kuweka masharti mengine, ndiyo maana ni lazima masharti ya tiketi yasomwe. Lakini kanuni ya msingi ndiyo hiyo.

Nne ni safari za kimataifa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unashughulikia hasara inayotokana na ucheleweshaji na unataka shauri lifunguliwe ndani ya miaka 2. Kwa abiria anayeondoka katika nchi za Umoja wa Ulaya, tuseme kutoka Amsterdam kuja Nairobi, Kanuni Na. 261 ya mwaka 2004 inatenganisha wazi mambo mawili tunayoyajadili. Shirika linaweza kuepuka fidia likithibitisha kwamba kulikuwa na hali zisizo za kawaida ambazo lisingeweza kuziepuka. Lakini abiria ambaye safari yake imefutwa, akichagua kurejeshewa nauli, hali hizo haziliondolei shirika wajibu wa kuirejesha, na muda uliowekwa ni siku 7. Tofauti ileile aliyoijua mama mkubwa kwa kitenzi *duoko* imeandikwa katika sheria ya Ulaya.

7.0 Barua ya pili

Barua ifuatayo iliandikwa Migori na kutiwa sahihi na mama mkubwa. Majina na nambari vimeondolewa.

“Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja.
Nakala: Wakala aliyeuza tiketi.

Bwana au Bibi,

KUH: DAI LA KUREJESHEWA NAULI YA SHILINGI 13,600

Mnamo tarehe ……… nililipiwa tiketi mbili, nambari ……… na ………, za safari ya Kisumu hadi Nairobi ya tarehe ……… Malipo yalifanywa kwa M-Pesa, na nambari ya muamala ni ………

Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa ………, shirika lako lilituma ujumbe kuhusu safari hiyo. Nilipofika uwanjani Kisumu niliarifiwa na mhudumu wa shirika kwamba limeifuta. Sikupewa ndege nyingine iliyonifaa. Mimi sikughairi safari.

Katika barua yako ya tarehe ……… umeeleza kwa nini shirika halitalipa fidia. Barua hii haihusu fidia. Nililipa shilingi 13,600 ili tusafirishwe, nasi hatukusafirishwa. Kwa hiyo ninadai shirika linirejeshee shilingi 13,600 kwa njia ileile zilizolipwa. Siikubali vocha badala ya fedha hizo.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Muda huo ukipita bila jibu nitawasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na ikibidi nitafungua shauri mahakamani. Nimeambatisha nakala za tiketi, za ujumbe wa shirika na za muamala.

Wako mwaminifu,
………”

Mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Kichwa cha barua kina kiasi cha fedha, ili msomaji wa kwanza ofisini ajue kinachodaiwa kabla hajaisoma aya yoyote. Matukio yamepangwa kwa mfuatano wa wakati, kila moja na mtenda wake. Kitenzi “kughairi” kimekanushwa waziwazi. Na neno “naomba” limetumika mara moja tu, mahali panapostahili, yaani katika kutaka jibu, fedha hazikuombwa. Aidha, nakala kwa wakala ilikusudiwa kufunga mlango wa kuzungushwa, maana wakala alikuwa amesema fedha ziko kwa shirika, na shirika likasema fedha ziko kwa wakala.

Lau barua hiyo ingepuuzwa, hatua iliyobaki ingekuwa mahakama. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwamo ya mikataba ya huduma na ya fedha zilizopokewa na kushikiliwa. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Dai lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu ni dai kamili.

8.0 Matokeo

Siku ya 12 shirika lilijibu kwamba limeidhinisha rejesho. Wiki tatu baadaye shilingi 13,600 zilifika kwenye simu iliyolipa. Mwandishi alizituma Homa Bay siku hiyohiyo.

Mama mkubwa alishukuru, kisha akauliza, “Na ile siku ya kliniki, mwanangu, wataturudishia nini?”

Swali hilo ni la fidia, na hatukuwa na la kujibu. Risiti za matatu hazikutunzwa. Hakuna aliyemwomba mhudumu wa uwanjani aandike sababu ya safari kufutwa. Kadi ya kliniki ilikuwapo, lakini hatukuwa na karatasi ya kuonyesha kilichogharimu kupata siku nyingine. Mali bila daftari huisha bila habari, na hasara nayo ni vivyo hivyo. Mtoto alionwa na daktari majuma matano baada ya siku aliyopangiwa, kwa basi la mchana, akiwa amelazwa juu ya viti viwili.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba abiria mmoja, kwa tukio moja na ushahidi uleule, alikataliwa kwa barua moja na kukubaliwa kwa nyingine. Kilichobadilika ni kwamba nauli iliitwa nauli, mtenda akatajwa, na ombi likawa dai. Hatusemi kwamba kila barua iliyoandikwa vizuri itashinda. Tunasema kwamba barua inayodai kitu kisichokusudiwa itashindwa hata kama haki iko upande wake.

Masharti ya safari za ndege katika nchi yetu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na ujumbe wa kufuta safari huja kwa Kiingereza hata kwa bibi muuza omena. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wajibu hapa. Tunaweza kuandaa tafsiri za masharti hayo kama kazi za muhula. Tunaweza kuweka meza ya barua sokoni Homa Bay au katika kituo cha magari cha Migori wakati wa likizo. Wahadhiri nao wanaweza kulifanya dai kuwa sehemu ya somo la uandishi wa kiuamilifu, kando ya barua ya kuomba kazi, ambayo tumeifundisha vya kutosha.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya kimaana kati ya jozi hizi, ukitunga sentensi kwa kila neno: (i) kufuta na kughairi, (ii) rejesho na fidia, (iii) ombi na dai.

2. Andika upya barua ya kwanza kwa kubadilisha kauli za vitenzi ili mtenda atajwe kila inapobidi. Usiongeze tukio lolote jipya.

3. Changanua viambishi vya: wakurejeshee, yamerejeshwa, hatukusafirishwa.

4. Tafuta tiketi yoyote ya basi au ndege yenye masharti kwa Kiingereza. Yatafsiri kwa Kiswahili, kisha onyesha sharti moja lenye utata na ueleze tafsiri zake mbili.

5. Mama mkubwa anataka kudai fidia ya safari ya Homa Bay hadi Kisumu na kurudi. Orodhesha ushahidi aliopaswa kuutunza, kisha mwandikie barua isiyozidi maneno 150.